Stata Haizungushi, Betri Haichaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Umeme wa Pikipiki

Kuna mwaka nilinunua betri 3 ndani ya miezi 11. Kila iliyokufa nililaumu duka, nikahamia duka jingine. Ya nne sikuinunua. Nilinunua mita ya bei ndogo kuliko betri, nikafungua siti, na dakika 10 zilitosha kuonyesha kwamba rektifaya, kidude kinachodhibiti chaji, ndiyo iliyokuwa ikizichemsha zote. Tangu hapo jirani yeyote anayekuja na pikipiki isiyowaka huwa namuuliza kwanza: umepima, au umekisia? Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi, na nimeyajibu kwa mtu mwenye pikipiki ya kawaida ya volti 12, spana chache na uwanja wa nyumba.

Nikibonyeza stata inalia "ta-ta-ta" au "tik" moja, kisha kimya. Betri imekufa?

Huenda, lakini usikimbilie dukani. Huo mlio ni wa rilei ya stata, yaani swichi ya umeme inayoiwasha: inavuta, moto (umeme) hautoshi, inaachia. Moto unaweza kukosekana kwa sababu betri haina kitu, au kwa sababu betri imejaa ila kichwa chake kimelegea. Kabla ya lolote, shika waya wa kila kichwa cha betri uuchezeshe kwa mkono. Ukicheza hata kidogo, chukua bisibisi, kaza, jaribu tena. Wengi nimewarudisha nyumbani hapo hapo.

Nahitaji vifaa gani?

Mita ya dijiti ya kawaida, ile ya rangi ya njano inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme, inatosha. Ongeza spana namba 10, bisibisi ya nyota, kipande cha msasa, mswaki wa zamani na kitambaa.

Kwenye mita, weka kitasa upande wa volti za DC (umeme kama wa betri), alama ya 20. Waya mweusi ukae tundu la COM, mwekundu tundu lenye V. Kosa linaloua mita na kurusha cheche ni kusahau waya mwekundu kwenye tundu la 10A kisha kugusa vichwa viwili vya betri. Hapo umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na mita nyingi za bei hii hazina fyuzi kwenye tundu hilo.

Napimaje betri yenyewe?

Ipime ikiwa imepumzika. Pikipiki ikae usiku mzima, au angalau saa kadhaa, bila kuwashwa. Betri iliyotoka kuendeshwa hudanganya: huonyesha namba kubwa ya juu juu inayoshuka baadaye. Kama huna muda, fungua swichi uwashe indiketa na taa ya breki kwa dakika 1 au 2, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi.

Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa; zile kavu huweza kupita hapo kidogo. Karibu 12.4 ni robo tatu. Karibu 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki kama robo. Ikiwa chini ya 11.8, hiyo imelala kabisa. Ukiona karibu 10.5, na hata ukiichaji usiku kucha inarudi pale pale, kisanduku kimoja ndani kimekufa. Betri ya volti 12 ina visanduku 6, kila kimoja cha volti 2 na ushee. Kikifa kimoja, vitano vilivyobaki haviwezi kukufikisha 12. Ya namna hiyo usiihangaikie.

Namba ndogo peke yake haimaanishi betri ni mbovu. Inamaanisha haina chaji, na swali linalofuata ni nani aliyeimaliza.

Inasoma 12.6, lakini stata haizungushi injini. Imekuwaje?

Volti za betri iliyopumzika ni kama ndoo iliyojaa: hazikuambii bomba lina upana gani. Betri iliyoganda chumvi nyeupe kwenye sahani zake inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa haina kazi, ikaporomoka mara tu unapoitwisha mzigo.

Kwa hiyo fanya kipimo cha pili. Waya za mita zikiwa kwenye vichwa vya betri, mtu mwingine abonyeze stata kwa sekunde 2 au 3. Mita ikibaki juu ya 10, betri inasukuma vizuri. Ikishuka chini ya 9.6 au ikatumbukia hadi 6 au 7 wakati ulishaichaji ikajaa, betri imechoka. Pikipiki ya kiki tu? Fungua swichi, bonyeza honi na breki kwa pamoja, uangalie namba. Kushuka kidogo ni kawaida; kuporomoka siyo.

Sasa, kama betri inabaki juu ya 10 na bado stata ni nzito au haisikiki, moto unapotelea njiani. Weka waya mwekundu wa mita kwenye kichwa chanya cha betri, mweusi kwenye bolti ya stata pale waya mnene unapofungwa, kisha bonyeza stata. Namba unayoona ni volti zinazopotea njiani, na zisizidi nusu volti. Fanya hivyo upande wa pili pia: mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Hapo nategemea kuona 0.2 au pungufu. Ikizidi, waya wa bodi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha pikipiki, una kutu au umelegea pale ulipofungwa kwenye fremu. Mimi niko pwani, na chumvi ya baharini imenionyesha kutu ya waya wa bodi mara nyingi kuliko stata mbovu.

Nitajuaje kama pikipiki inachaji?

Hiki ndicho kipimo cha tatu, na kwangu ndicho cha thamani kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachookoa betri inayofuata. Betri iwe na chaji ya kutosha kwanza. Betri iliyolala kabisa huvuta namba chini hata mfumo ukiwa mzima.

Andika volti kabla ya kuwasha. Washa, acha iungurume kwenye sailensa (bila kupiga resi), soma. Kisha piga resi ya wastani, kama unavyoendesha gia ya tatu barabarani, ushikilie hapo na usome tena.

Mfumo mzima utakupa kati ya 13.5 na 14.5 kwenye resi. Kwenye sailensa pikipiki ndogo huweza kubaki 12.8 au 13, usishtuke. Ikiwa namba haipandi kabisa juu ya ile ya mwanzo hata ukipiga resi, haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi.

Mita za bei ndogo wakati mwingine huchanganyikiwa injini ikiwaka: zinaruka 11, 18, 9, 22. Hiyo si pikipiki, ni kelele za plagi zinazoingia kwenye mita. Sogeza mita mbali na waya wa plagi. Ikiendelea, hakikisha kofia ya plagi ni ile yenye kizuizi ndani, maana nyingi zinazouzwa mtaani hazina.

Fundi alichomoa betri injini ikiwa inawaka ili aone kama inachaji. Ni sawa?

Si sawa, na nasema hivyo nikijua mafundi wenye miaka mingi wanaofanya hivyo kila siku. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo. Ukiitoa injini ikiwa kwenye resi, volti zinaweza kuruka juu ghafla, na kinachoungua ni globu kama una bahati, au CDI, kile kisanduku kinachoamuru plagi ipige cheche, kama huna. Isitoshe, kipimo chenyewe hakisemi kitu. Pikipiki nyingi zina koili (waya uliosukwa unaozalisha umeme injini ikizunguka) ya peke yake ya kuwasha plagi, isiyohusiana na betri. Hizo zitaendelea kuunguruma hata kama hazichaji hata kidogo. Fundi akikuambia "haijazima, inachaji hiyo", mwombe mita.

Kugusisha vichwa kwa waya ili kuona cheche, vivyo hivyo. Betri inayochaji hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo tu.

Taa kubwa inawaka vizuri, lakini honi na indiketa zimekufa. Mbona?

Kwa sababu kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili. Dalili yake: injini ikizimika, taa kubwa nayo inazima hata swichi ikiwa imefunguliwa, ukipiga resi inang'aa, ukiachia inafifia. Honi, indiketa na taa ya breki ndizo zinazokula betri.

Kwa hiyo taa kubwa kung'aa hakuthibitishi kwamba betri inachajiwa. Kinachothibitisha ni mita tu. Hata hivyo kunakupa fununu: magneti, ile sumaku inayozungushwa na injini kwenye koili, inazunguka na angalau koili ya taa ni nzima.

Haichaji. Ni koili au rektifaya?

Kabla ya kumtaja mmoja wao, angalia soketi. Rektifaya ni kile kidude cha alumini chenye mapezi, kwa kawaida chini ya siti au nyuma ya kava ya pembeni. Chomoa soketi yake uitazame vizuri. Plastiki iliyoyeyuka, pini nyeusi, unyevu wa mvua, waya uliokatika ndani ya ngozi yake: hivyo vinne vimeleta pikipiki nyingi kwangu kuliko koili zilizoungua. Safisha, bana pini, jaribu tena.

Soketi ikiwa safi, pima koili. Acha rektifaya imechomolewa, geuza mita kwenye volti za AC (umeme unaotoka koili kabla haujafika rektifaya). Kitasa kianze kwenye 200, kwa sababu koili isiyo na mzigo hutoa volti nyingi, hivyo usiguse pini kwa vidole.

Kwenye pikipiki za Kichina zinazofuata mtindo wa Honda CG, mara nyingi utakuta waya 4: mweupe unatoka koili ya chaji, wa njano koili ya taa, mwekundu unakwenda betri na wa kijani ni bodi. Pima kati ya mweupe na bodi, injini ikiwa inawaka. Namba ipande kadiri resi inavyopanda, na ipite 14 kwa mbali. Ikikaa sifuri au ikacheza kwenye 2 au 3, koili ndiyo mgonjwa. Pikipiki za Kihindi na kubwa zaidi zina mpangilio wao wa rangi, kwa hiyo fuata waya hadi ulikotoka badala ya kuamini rangi.

Ukikuta waya 3 za rangi moja, mara nyingi njano, zinazotoka magneti, hiyo ni ya fezi 3. Pima jozi zote: wa 1 na wa 2, wa 2 na wa 3, wa 1 na wa 3. Namba zikaribiane. Jozi moja ikibaki nyuma sana, koili imekatika au imeungua upande. Kisha zima injini, weka mita kwenye omu, pima kila waya na bodi. Kwenye fezi 3 kusiwe na mawasiliano kabisa. Yakiwepo, koili inavujia chuma. Usitumie kanuni hiyo kwenye zile ndogo, kwa sababu koili zao nyingi zimefungwa bodi tangu kiwandani, nawe utalaumu koili nzima.

Omu za koili zenyewe ni ndogo, mara nyingi chini ya 2. Gusisha ncha mbili za mita kwanza uone zenyewe zinasoma ngapi, halafu toa namba hiyo.

Koili inatoa vizuri, soketi safi, fyuzi nzima, waya mwekundu wa rektifaya una mawasiliano mpaka betri na wa kijani mpaka bodi, na bado haichaji? Sasa nunua rektifaya. Njia nzuri zaidi ni kuazima ya pikipiki kama yako inayochaji vizuri, ukaifunga kwa dakika 5. Koili iliyoungua hubadilishwa au husukwa upya. Fundi wa kusuka akiwa mzuri, kazi inadumu, lakini muulize atatumia waya wa unene ule ule.

Inachaji 15.8. Si ndiyo vizuri, itajaa haraka?

Hiyo ndiyo iliyoniulia betri 3. Rektifaya kwenye pikipiki ina kazi mbili: kugeuza AC kuwa DC, na kuzuia volti zisipande kupita kiasi. Kazi ya pili ikifa, betri ya maji inakauka kila wiki, ya kavu inavimba mbavu, na globu zinaungua moja baada ya nyingine. Mtu akiniambia "kila nikibadilisha globu inakufa", huwa napima chaji kabla hata ya kutazama taa.

Kabla ya kuitupa rektifaya, hakikisha imefungwa kwenye chuma kitupu na upepo unaipata. Nimekuta moja imeviringishwa mfuko wa plastiki "isiingie maji". Ilikuwa ikijipika yenyewe.

Nikiendesha kila siku hakuna shida. Nikiiacha siku 4 au 5, betri imelala. Inachaji vizuri kabisa.

Kuna kinachokula moto usiku. Zima swichi, fungua waya wa hasi wa betri. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A na kitasa vilevile, kisha weka mita katikati ya waya ulioufungua na kichwa cha hasi. Usiguse stata wala swichi wakati huo. Ikisoma karibu sifuri, shuka kwenye miliampea, waya mwekundu ukihamia tundu lenye alama ya mA. Pikipiki isiyo na vikorokoro haina haja ya kula zaidi ya miliampea 1 au 2.

Ikizidi, chomoa kimoja kimoja: alamu, redio, chaji ya simu, taa za urembo. Namba ikianguka, umempata mwizi. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la V papo hapo.

Pikipiki za mkopo zina mlaji mwingine, kile kifaa cha kufuatilia pikipiki ilipo. Chukulia kinakula miliampea 20. Kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 0.5, betri ya ampea-saa 5 inafika nusu kwa siku 5. Kifaa hicho usikiguse, kipo kwenye mkataba. Ama washa pikipiki na kuizungusha kila baada ya siku 2, ama mwambie mwenye mkopo akikague, maana kikiwa kibovu hula zaidi.

Nimefunga spoti mbili na chaji ya simu. Zinaweza kuumaliza umeme?

Fanya hesabu. Spoti za LED za wati 20 kwa jumla ni karibu ampea 1.6. Chaji ya simu ya wati 10 inakaribia ampea 1. Ongeza breki unayoishikilia foleni nzima. Pikipiki ya cc 100 au 125 haikuundiwa akiba kubwa, na kwenye sailensa inatoa kidogo zaidi. Pima volti kwenye resi ya kawaida kila kitu kikiwa kimewashwa: ikiwa chini ya 12.8, unaishi kwa kula betri. Zima spoti mjini.

Betri ya maji niijaze maji gani?

Maji yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke wa maji yanayochemka, yale ya chupa yanayouzwa kwa ajili ya betri. Si ya bomba, si ya kisima, si ya mvua kutoka kwenye bati. Tahadhari moja: kwenye baadhi ya maduka ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa asidi. Soma chupa. Asidi huwekwa mara moja tu, betri ikiwa mpya. Kinachopungua baadaye ni maji. Jaza hadi mstari wa juu, usipite, na hakikisha kipira cha kupumulia hakijabanwa na kinashuka mbali na mnyororo.

Betri kavu usiifungue kamwe.

Nichajije nyumbani?

Kwa sehemu 1 ya 10 ya ukubwa wake. Betri iliyoandikwa 12N5 ni ya ampea-saa 5, hivyo chaji kwa ampea 0.5, saa 10 au zaidi kama ilikuwa tupu. Chaja ya gari ya ampea 6 itaichemsha. Ukipeleka kwa mchajishaji wa mtaani, mwambie mapema ni ya pikipiki, asiiunganishe na za malori. Chaji mahali penye hewa, mbali na jiko.

Na unapoifungua: hasi kwanza, kisha chanya. Unapofunga: chanya kwanza, hasi mwisho. Spana ikiteleza kutoka chanya na kugusa fremu wakati hasi bado imefungwa, utaona cheche ambayo hutaisahau.

Naweza kubusti kwa betri ya gari?

Ndiyo, gari likiwa limezimwa. Chanya kwa chanya, waya wa hasi malizia kwenye chuma cha injini ya pikipiki, si kwenye betri yake. Ikiwaka, toa.

Fyuzi inaungua kila nikiweka mpya.

Kuna waya unaogusa bodi. Tafuta kwenye shingo ya usukani, nyaya zinapokunjwa kila unapokata kona, na chini ya siti. Nyingi hutumia fyuzi ya ampea 10. Soma iliyoandikwa kwenye yako. Karatasi ya sigara na uzi wa shaba si fyuzi. Kitakachoungua badala yake ni nyaya zote.

Sina mita leo na niko njiani.

Washa kitu kinacholishwa na betri, kama indiketa, na ubonyeze stata. Taa ikizima ghafla kabisa na kurudi ukiachia, shuku kichwa kilicholegea. Ikififia polepole, betri haina nguvu. Injini ikiwaka, bonyeza honi kwenye sailensa kisha kwenye resi. Sauti ikipata nguvu, kuna chaji inayofika. Ni makisio, lakini yanakufikisha nyumbani.

Vichwa vina ukungu mweupe na wa kijani.

Fungua, mwagia maji ya moto yenye magadi, yale ya kupikia maharage. Yatatoa povu, hiyo ni asidi inakufa. Sugua kwa mswaki, kausha, piga msasa, funga, paka grisi nyembamba juu. Magadi yasiingie ndani ya betri.

Betri kuukuu nifanyeje?

Irudishe dukani unaponunua mpya, au muuzie mkusanyaji wa betri anayeipeleka kiwandani ikiwa nzima na asidi yake ndani. Usiimwage asidi uwanjani wala kuruhusu mtu aivunje hapo kutafuta risasi. Vumbi la risasi hukaa kwenye udongo, na watoto ndio wanaolila. Kijijini Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi sumu hiyo kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ukishaishika betri, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.